Filamu ya kwetu, saa nane mchana, mpaka mfike watano

Bisi za ukumbi huu wa sinema ni za moto na viti vinalala vizuri. Nimeanza na hayo ili asije mtu akasema nina chuki binafsi. Kiyoyozi nacho kinapuliza mpaka unajuta kutobeba kanga ya kujifunika. Haya, mazuri yameisha.

Ni muda sasa tangu yanikute, lakini kila nikikwama kwenye foleni karibu na pale naona bango lao na damu inanichemka. Ilikuwa wakati filamu ya Vuta N'kuvute inaonyeshwa Dar. Ukumbi wenyewe uko ndani ya maduka makubwa. Jina nawahifadhia, ila waliowahi kuhudumiwa kwenye lile dirisha la tiketi watakuwa wameshaujua.

Nilikwenda na shangazi yangu na mjukuu wake. Shangazi ni mtoto wa Ng'ambo, Unguja, aliyevushwa bahari na ndoa. Mimi riwaya ya Adam Shafi yenye jina hilohilo nilikutana nayo kidato cha tano kwa sababu ya mtihani. Yeye aliisoma kwa sababu aliambiwa mitaa yake imo. Kwa hiyo niliposikia Amil Shivji ameitengenezea filamu, na kwamba mwaka 2021 ikawa ya kwanza kutoka Tanzania kuchaguliwa kwenye tamasha la filamu la Toronto, Kanada, nilijua nani wa kwenda naye. Bibi wa watu alijiandaa tangu asubuhi. Buibui jipya, udi, na ule mkoba anaotoka nao Idi kwa Idi. Anasema zamani sinema haikuwa ya kuendewa ovyo. Anaikumbuka Majestic pale Vuga, filamu za Kihindi, maonyesho ya mchana ya wanawake peke yao, na walanguzi waliokuwa wakishika tiketi za sikukuu mpaka bei ipande. Njia nzima ananisimulia. Amefurahi kama nini.

Tukafika dirishani. Kijana amekaa, sikio moja lina spika, macho kwenye simu. Mtu mzima kamsimamia mbele na fimbo yake ya kutembelea, hakuna shikamoo, hakuna karibu. Sikumdai shikamoo yangu mimi, maana umri wenyewe tunakaribiana. Ya shangazi je?

"Ipi?"

Nikamtajia.

"Hiyo ya Kiswahili?" Aliuliza kwa sauti ya muuza samaki mwenye huruma, anayekunong'oneza kuwa hawa ni wa juzi. "Mko wangapi?"

"Watatu."

"Haitawezekana. Mpaka mfike watano ndiyo tunawasha."

Nikadhani anatania. Saa nane mchana, siku ya kazi, ndiyo saa pekee waliyoipangia filamu hiyo, halafu wanashangaa watu hawafiki watano! Nikamuuliza kuhusu ukumbi wa pili, ambako watu wawili tu walikuwa wameingia mbele ya macho yangu kutazama wale mashujaa wanaoruka na kubomoa maghorofa. Huko mbona mashine imewashwa? "Ile ni mkataba," akasema. Yaani ya Marekani inaonyeshwa hata kwa kiti kitupu kwa sababu mwenye nayo kaandika hivyo kwenye karatasi. Ya kwetu inasubiri akidi, kama kikao cha kijiji.

Akaongeza, na hapa ndipo nilipotaka kupitisha mkono kwenye lile tundu: "Si mngesubiri tu, hizi baadaye huwa zinatupwa YouTube." Kisha akamgeukia shangazi. "Bi mkubwa, kuna katuni saa tisa, nzuri."

Katuni. Kwa mtu aliyezaliwa mahali filamu inapozungumzia.

Tukakaa kwenye benchi kusubiri watu wawili wa kukamilisha hesabu. Wangetoka wapi? Kwenye skrini ya ratiba juu ya dirisha jina la filamu halikuwepo. Ukutani mabango matano, sita, yote vifua vilivyotuna na mapanga ya moto, hakuna hata karatasi ya Denge na Yasmin, wahusika wakuu wa filamu yetu. Mtu angejuaje kuwa humo ndani kuna filamu ya Kizanzibari? Kwa ndoto?

Mwishowe nikarudi dirishani nikasema nipe tiketi tano. "Lakini mko watatu." Nimesema tano. Ikabidi akamwite msimamizi, dada mmoja mwenye beji, ambaye naye alitazama kompyuta kwanza kabla ya kunitazama mimi, kisha akatoa hukumu ambayo nitazikwa nayo: "Sawa tu. Mfumo unahesabu tiketi, hauhesabu watu."

Nikalipia watu wawili wasiokuwepo ili nitazame filamu ya nchi yangu ndani ya nchi yangu.

Nimesoma tangu hapo, maana hasira inasomesha. UNESCO walitoa ripoti mwaka huohuo wa 2021 kuhusu filamu za Afrika, wakakadiria kuwa bara zima lina skrini moja ya sinema kwa watu kama 787,000. Hapa Dar tulikuwa na Empire, Avalon, Odeon, Empress. Tulikuwa na ile ya kutazama ukiwa ndani ya gari, na kiwanja chake leo kimekaliwa na ubalozi wa Marekani (hilo nalo litafsiri utakavyo). Zimebaki chache, ziko kwenye maduka ya watu wenye magari, na hizo chache ndizo zinazotuambia hatujatimia. Wakati huo filamu za Afrika zinachukua tuzo kila kona. Msomali Khadar Ahmed alichukua Farasi wa Dhahabu, tuzo kuu ya FESPACO, lile tamasha la filamu za Afrika kule Ouagadougou, Burkina Faso, mwaka 2021, Mnyarwanda Joel Karekezi alishaichukua mwaka 2019, na Mati Diop, Mfaransa mwenye asili ya Senegal, akatoka tamasha la Berlin mwaka 2024 na tuzo yao kuu, Dubu wa Dhahabu. Nenda dirishani pale uulize mojawapo ya hizo. Utapewa katuni.

Na wasiniambie watu hawapo. Nairobi mwaka 2018 mahakama ilipolegeza kwa siku saba tu marufuku ya Rafiki, filamu ya Wanuri Kahiu kuhusu wasichana wawili wanaopendana, kumbi zilijaa. Unaweza kuikubali au kuikataa mada yake, hilo la kwako, lakini tiketi zilinunuliwa. Watu walijua ipo, walijua wapi na saa ngapi. Basi. Sisi huku hata Lufufu alijaza mabanda ya video kwa sauti yake tu, akitutafsiria filamu za Wachina na Wahindi, mbao za kukalia na jasho la kwapa, na tulilipa.

Tulipoingia, shangazi aliuliza kwa nini viti vingine viwili vimelipiwa. Nikamwambia. Akatafakari kidogo, akaweka mkoba wake kwenye kimoja, akanyoosha miguu kuelekea cha pili. "Basi tusivipoteze."

Filamu yenyewe, jamani. Sitaki kuisimulia, kwa sababu waliosoma riwaya wanaijua na wasioisoma waende. Lakini Shivji hana haraka, na baada ya kisa cha dirishani nilihitaji mtu asiye na haraka. Ni Unguja ya miaka ya 1950, Mwingereza yupo, Yasmin anakimbia ndoa aliyopangiwa, Denge anasambaza karatasi zinazoweza kumfunga. Usiku wa Mji Mkongwe umepigwa mpaka unaona unyevu kwenye kuta. Siti Amina, yule mwimbaji wa Siti & the Band, ndiye Mwajuma, na kila akitokea nilimsikia shangazi anakaa sawa kwenye kiti. Alikuwa na neno kwa kila kanga iliyopita. Ile mbona imefungwa hivi, ile ndiyo yenyewe, ile nilikuwa nayo. Mjukuu akawa anasoma maandishi ya Kiingereza yanayopita chini huku Kiswahili kinasemwa masikioni mwake. Ndiyo shule tunazowalipia hizo, lakini hiyo kesi ya siku nyingine.

Na hata hapo ukumbi haukuniacha. Ukuta wa pili ulikuwa unavuja sauti. Denge anamnong'oneza Yasmin, huku upande wa pili jengo zima linaporomoka kwa Kimarekani. Viti vinatetemeka. Ukumbi wenye mkataba unaukalia usio na mkataba.

Nilikuwa nimeshaitunga hukumu yangu kichwani: nyota sifuri, msiende, wafunge waweke supamaketi. Halafu ikatokea jambo linaloniharibia hasira yangu mpaka leo.

Katikati ya filamu aliingia kijana mwingine, mwenye tochi, wa kukagua. Akasimama mlangoni. Nikajua anakuja kutuhesabu. Akabaki amesimama, tochi imezimwa, anatazama. Baada ya muda akasogea taratibu. "Shikamoo bibi. Hii ni ya wapi?"

"Marahaba mwanangu. Ya kwetu hii."

Shangazi akaondoa mkoba. "Kaa, baba. Kimelipiwa."

Akakaa mpaka mwisho. Taa zilipowaka, kwa sababu waliziwasha majina hata hayajaanza kupanda vizuri, huyo kijana ndiye aliyepiga kelele kuelekea kwenye chumba cha mashine: "Acha kwanza, watu wanasoma!" Wakazima. Tukayasoma majina ya mafundi wote, ya washona nguo, ya wapishi wa kambini, gizani, wanne tuliokaa watano. Tukiwa tunatoka akaniambia hakujua kama filamu za Tanzania huwa hivi, kwamba wao ratiba inaletwa kutoka ofisini tu, hakuna anayewaambia ni filamu gani, wala hawaruhusiwi kukaa. Sasa huyo mtu nimpe nyota ngapi? Anastahili zote. Nimpe tano yeye, na lile dirisha liendelee kudaiwa.

Wiki iliyofuata nilitaka kumpeleka mke wangu. Imeondolewa. "Haikuwa na watu," nikaambiwa, na nina hakika mfumo unasema hivyo. Hesabu yenyewe haina siri. Ukumbi unachukua fungu lake la tiketi, msambazaji analo lake, mtengenezaji anangoja kinachobaki, na kinachobaki cha saa nane mchana bila bango hata umeme wa stoo hakilipi. Halafu mwakani huyo mtengenezaji akiomba fungu benki, wanamtolea karatasi ileile: haikuwa na watu.

Ila, na hili nalisema nikijua watakaochukia, nina hasira na watengenezaji wetu pia. Ousmane Sembène wa Senegal alikuwa mwandishi mwenye jina, akaona watu wake wengi hawasomi Kifaransa, akashika kamera. Mwaka 1968 akatoa filamu kwa Kiwolofu, na alizibeba filamu zake mwenyewe mpaka vijijini. Nabwana, mtengenezaji filamu kule Wakaliga, Kampala, kaziuza zake mlango kwa mlango akiwa na waigizaji wake. Yeye hakungoja dirisha la mtu. Nyie wetu mkishatoka Toronto, Tandika mnaifikia lini? Mbagala je? Kitambaa cheupe, projekta, jenereta, uwanja wa shule. Najua, najua, mtu ana madeni, ana mikataba ya wasambazaji inayomkataza kuonyesha popote kabla ya tarehe fulani, na Bongo Movie ilishaonyesha Kariakoo inavyoweza kunakili jasho lako usiku mmoja. Zanzibar angalau kuna tamasha la filamu la ZIFF, tangu miaka ya tisini mwishoni, watu wanakaa Ngome Kongwe chini ya anga wanatazama. Lakini hiyo ni wiki moja kwa mwaka, na boti si bure.

Basi niweke wazi nafasi yangu. Huduma ya dirishani: ovyo, na kama mwenye ukumbi anasoma, mfundishe mtu wako kumwamkia mzee kabla hujamfundisha mfumo. Picha: safi, siwezi kusema uongo, kiza chote cha Shivji kilionekana. Sauti: safi yenu, chafu ya jirani. Nilikuwa nimeapa sirudi. Shangazi amenikatalia, anasema ile ndiyo sinema yake sasa, na kila siku ananiuliza yule kijana wa tochi kama bado yupo.

Na nimesikia wanaleta nyingine, ya Mkenya safari hii. Saa nane mchana, bila shaka. Shangazi, mjukuu, mke wangu, mimi. Natafuta mmoja, nauli ya daladala na bisi juu yangu.