Picha na Video za Harusi kwa Shilingi 1,300,000: Tulichokata na Nilichojutia Kukikata

Mdogo wangu alifunga ndoa Dar es Salaam mwezi Juni, nami nilikuwa mweka hazina wa kamati ya harusi, kwa hiyo nilijua kila shilingi ya michango ilikwenda wapi. Bajeti ya kwanza ilitenga shilingi 2,800,000 kwa ajili ya picha na video. Siku zilivyosogea huku ahadi nyingi zikiwa bado ni ahadi, kipengele hicho kilishushwa hadi 1,300,000, na kwa kiasi hicho tukaipata studio ndogo ya Sinza yenye vijana watatu, kamera tatu na kompyuta moja ya kuhariria. Ninayoyaandika hapa ni tathmini ya kazi yao, pamoja na tathmini ya maamuzi yetu wenyewe, kwa sababu ubora wa kile tulichokipata ulitokana na yote mawili.

Tulianza kwa kuondoa kreni ya kunyanyulia kamera, droni, skrini mbili za ukumbini na albamu kubwa ya ngozi. Kreni haiji peke yake, bali huja na gari la kuibeba na watu wa kuifunga na kuiendesha, na gharama zao zimo ndani ya bei hata kama hazitajwi. Droni nayo, kwa taratibu za nchi yetu, huhitaji usajili na kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na yote hayo yangekuwa kwa ajili ya kuonyesha paa la kanisa kwa sekunde chache. Kuhusu skrini, ukumbi wetu ulikuwa wa watu 250 na meza ya mwisho ilikuwa hatua kama ishirini tu kutoka jukwaani. Sijajutia hata kimoja kati ya hivyo.

Fedha nyingi zaidi, hata hivyo, ziliokolewa kwenye saa za kazi. Siku ya harusi jijini huanzia saluni alfajiri na kuishia ukumbini saa sita usiku, na anayelipia siku nzima hulipia pia saa nyingi za kusubiri. Tulikubaliana kwamba mpiga picha mmoja afike saluni katika saa ya mwisho tu, wakati bi harusi anavaa shela, na wenzake waungane naye kanisani kwa misa ya saa nane. Safari ya ufukweni tuliifuta. Maharusi walipigwa picha kwenye bustani ya kanisa kwa dakika arobaini, kuanzia saa kumi na nusu jua likiwa limelegea, na picha zile ni nzuri kuliko nyingi nilizoziona zikipigwa ufukweni jua la utosi. Tulimwomba pia MC keki, nasaha na zawadi ziishe kabla ya saa tano usiku, ili mafundi waondoke kwa muda tuliowalipa.

Vijana hao wanaijua kazi yao. Iko picha moja ya bibi yetu akimnyooshea bi harusi shela mlangoni mwa kanisa: nyuzi za lesi zinaonekana moja moja, na uso wa bibi, ambao ni mweusi na umejaa makunyanzi, haukugeuka kivuli kwa sababu ya weupe wa shela. Ukumbini, taa za mapambo zilipoanza kuchora milia kwenye video, mmoja wao alirekebisha kamera papo hapo, akanieleza kwamba umeme wetu ni wa hetzi 50, hivyo baadhi ya taa hufifia na kuwaka mara 100 kwa sekunde, na kamera isipowekwa kwa kasi inayolingana nazo hunasa kufifia huko. Kabla hawajaondoka walinakili kila kitu, mbele ya macho yangu, kwenye diski ngumu tuliyoinunua sisi wenyewe. Picha sitini tulizozichagua tulikwenda kuzisafisha wenyewe baadaye, kwa gharama ndogo mno kuliko ile ya albamu.

Kasoro kubwa iko kwenye sauti, na hapa lawama ni yangu pia. Katika orodha yao kulikuwa na shilingi 80,000 za kinasa sauti cha kuunganishwa kwenye mikisa ya DJ, yaani mashine yake ya kuchanganyia sauti, nami nilizifuta nikiamini kwamba kamera itasikia kile ninachokisikia mimi. Mama yetu huongea kwa sauti ya chini. Alipopewa kipaza sauti atoe nasaha, kamera ilikuwa karibu na spika, na kilichorekodiwa ni mwangwi na vigelegele; nimerudia sehemu hiyo mara nyingi, na baada ya neno "wanangu" siambulii sentensi hata moja iliyokamilika. Naona studio ingepaswa kunizuia, kwa kuwa wao walijua kitakachotokea nami sikujua.

Video iliyohaririwa iliahidiwa ndani ya wiki tatu, ikafika wiki ya saba. Mkataba wetu wa ukurasa mmoja ulitaka tulipe nusu ya fedha mapema, asilimia 30 siku yenyewe na asilimia 20 wakati wa kukabidhiwa kazi, na naamini ni hizo 260,000 za mwisho zilizowafanya waendelee kupokea simu zangu.

Mwezi Desemba tuna sendofu ya binti wa dada yangu. Nimewachukua vijana walewale, tarehe mpya ya kukabidhi kazi imo kwenye mkataba, zile 80,000 nimezirudisha kwenye bajeti kabla kamati haijakaa, na DJ ameshaniahidi kwamba ataacha nafasi ya waya mmoja kwenye mikisa yake.