Seti ya waya za kuning'inizia taa ya tanki la samaki: waya nzuri, fisha zake tupa

Niseme mapema: seti hii nimeipenda, iko juu na inafanya kazi yake. Ila nusu ya vilivyomo kwenye boksi havifai kwa nyumba nyingi za hapa Dar, na atakayefuata mchoro wa kwenye boksi bila kuangalia dari yake ilivyojengwa, taa itamwangukia majini.

Taa yangu ni ya kizamani, ile ya mirija minane ya T5 (tyubulaiti nyembamba) ya wati 54 kila mmoja, bodi ya alumini, balasti zote, yaani vifaa vya kuwashia mirija, ziko ndani. Nilipanda nayo kwenye mizani nikatoa uzito wangu: kilo 14. Najua LED siku hizi ni nyepesi na zinakula umeme kidogo, lakini hii niliipata mkononi kwa mtu aliyekuwa anahama, bei ya kutupa, na mimea ya majini inaipenda sana. Tanki ni sentimita 120 kwa 50 kwa 50, maji peke yake kilo 300, na juu halina fremu, ni ukingo mtupu wa kioo. Kilo 14 juu ya ukingo ule sitaki. Halafu ukitaka kukata majani au kunyonya uchafu, inabidi kila mara uibebe taa uiweke pembeni. Nikaamua ining'inie.

Seti niliinunua eneo la Gerezani hapa Dar, haikufika elfu hamsini. Ndani kuna waya nne za stenlesi za kusokotwa za milimita 1.5, mita mbili kila mmoja, vibanio vinne vya shaba, skrubu nne na fisha nne za plastiki, zile za kuchomeka kwenye tundu ili skrubu ishike. Maelezo hakuna, ni mchoro tu.

Waya sina neno nazo. Waya wa namna hiyo hukatika kwenye uzito unaozidi kilo 100, na taa nzima ni kilo 14. Lakini usigawe uzito kwa nne ukaona mambo mteremko. Taa ni kitu kigumu, haijipindi, kwa hiyo waya mmoja ukiwa mfupi kidogo kuliko mwenzake, mzigo wote unakwenda kwa waya mbili za mkabala na zile nyingine zinabaki mapambo. Piga hesabu kama vile una waya mbili tu. Pia zishuke wima. Ukizitanua kama miguu ya ngazi, kila waya unavuta zaidi. Zikilala nyuzi 60 kutoka wima, mvuto unakuwa mara mbili. Kwa hiyo pima matundu ya taa kwanza, ndipo uweke alama kwenye dari.

Vibanio ndivyo vilivyonifurahisha. Ni kijipipa cha shaba, kidogo kuliko kidole gumba. Unapitisha waya kwa juu, unatokea pembeni, na ndani kuna vigololi vinavyong'ata waya. Ukivuta taa chini vinazidi kung'ata, ukibonyeza kichwa cha kibanio vinaachia, unapandisha au kushusha. Usitie oili hata kidogo, na ncha ya waya ikatwe kwa koleo kali, kwa sababu ikichanua haipiti. Kati ya vinne, kimoja spiringi yake ilikuwa legevu. Nilikishtukia kwa kukivuta kwa mkono kabla ya kufunga chochote, muuzaji akanibadilishia bila maneno. Hata hivyo, chini ya kila kibanio nimefunga kifungo kidogo cha waya chenye nati mbili. Kibanio kikiteleza, kinakwamia pale.

Sasa dari, na hapa ndipo penye kazi.

Nyumba yangu ni ya kawaida: bati, kenchi za mbao, chini ya kenchi zimepigwa mbao za mbili kwa mbili, na chini yake jipsam ya milimita 9. Fisha za plastiki za kwenye boksi zimetengenezwa kwa ajili ya zege. Ukitoboa jipsam ukachomeka fisha, unachokishikilia ni chokaa iliyovikwa karatasi. Na tanki lililo wazi linatoa mvuke usiku na mchana, tena hapa kwetu pwani hewa yenyewe tayari ni mbichi. Jipsam ikinywa unyevu inalegea. Huenda taa ikakaa wiki, huenda ikakaa mwezi, huku shimo linapanuka taratibu na wewe huoni.

Fundi niliyemwita alikuwa na maoni tofauti. Alipiga ngumi kidogo kwenye dari, akasikiliza, akaniambia, "Bosi, hii hata ukining'inia wewe haishuki." Nikamwambia, fundi, mimi nikianguka nitaumia mgongo, taa ikianguka ni umeme kwenye maji na mtoto amesimama pale anaangalia samaki. Akacheka, akapanda darini.

Mbao za mbili kwa mbili nazo sikuzitaka. Zimepigiliwa misumari kutoka chini kwenda juu, na kazi yake ni kushika jipsam. Ukizitundikia mzigo, unavuta misumari kuelekea kulekule ilikoingilia. Uzito unatakiwa ulale juu ya mbao za chini za kenchi zenyewe. Kwa hiyo tuliingiza mbao mbili za mbili kwa nne kupitia tundu la dari, tukazilaza zikivuka juu ya kenchi mbili, kwa upana wa wima, tukazifunga kwa skrubu ndefu zisitembee. Ukitundika kitu hapo, mbao inajikandamiza kwenye kenchi. Hakuna msumari unaovutwa. Kisha tukatoboa mbao kutoka juu hadi chini na kupitisha bolti za jicho za milimita 8, juu nati na washa pana (kile kisahani chenye tundu), na nati ya pili ya kukaza ile ya kwanza. Chini ya jipsam yanaonekana macho manne tu. Chagua jicho lililofungwa, siyo kulabu iliyo wazi: ukiinua taa ili ubadilishe mrija, waya unalegea, na kulabu iliyo wazi inaweza kuuachia.

Kuna aliyenishauri nitumie kulabu ya feni iliyokuwepo tayari. Ile iliwekwa kwa ajili ya feni, iko katikati ya chumba, na tanki liko ukutani. Kwa wanaokaa ghorofani wenye slabu juu, kazi ni nyepesi: bolti ya chuma inayopanuka ndani ya zege, baada ya kuhakikisha hakuna bomba la umeme linalopita pale. Plastiki hata huko nisingeiweka kwa mzigo unaovuta kuelekea chini.

Kabla ya taa tulitundika madumu mawili ya lita 20 yaliyojaa, moja kila upande. Hiyo ni kilo 40, karibu mara tatu ya taa. Nilipima kwa futi kutoka sakafuni hadi kitako cha kila dumu, nikaandika kwa penseli ukutani, nikayaacha yalale. Asubuhi vipimo vilikuwa vilevile na jipsam haina ufa. Fanya jaribio hili kabla ya kujaza tanki, tena likiwa limesogezwa. Ngazi juu ya kioo chenye lita 300 ni jambo la kuomba usilione.

Urefu wa mita mbili umetosha kwa dari yangu ya futi kumi. Meza ni sentimita 75, tanki 50, taa iko 35 juu ya maji, na waya kidogo ukabaki. Hiyo 35 niliifikia taratibu. Mwanzo ilikuwa 20 na mwani ukaanza kuota kwenye kioo kama zulia. Kupandisha kulikuwa kubonyeza vibanio tu, mtu mmoja kila upande, na pima maji, kile kifaa cha fundi cha kuonyesha usawa, juu ya bodi. Usifanye peke yako, upande mmoja ukitangulia taa inayumba.

Umeme: bodi ni alumini na inapitisha umeme, kwa hiyo waya wa ethi ni lazima uwe umefika kweli, fundi umeme aupime. Nimeweka pia swichi inayokata umeme ukivuja, ya miliampia 30, na kile kitufe chake cha majaribio nakibonyeza mara kwa mara. Waya wa taa nimeuacha ushuke chini kuliko soketi ndipo upande tena, ili tone likiteleza lidondoke sakafuni lisiingie kwenye soketi.

Nyota nne kati ya tano. Ya tano imeondoka na zile fisha, na ukosefu wa maelezo kwa kitu kinachokaa juu ya maji. Mwenye LED ya kilo mbili tatu hahitaji mbao za mbili kwa nne. Skrubu ya jicho iliyoingia katikati ya mbao ya kenchi inamtosha, ila jipsam peke yake hata yeye asiitegemee. Na ukienda kununua bolti, chukua za stenlesi pamoja na washa zake. Mimi washa nilichukua za kawaida, zimeshaanza kutoa kutu, na nitazibadilisha siku nitakayopanda tena darini.