Kaya Kinondo: uzoefu wangu wa kulipa ili nikatazwe

Nianze na kofia. Nilifika Kaya Kinondo, msitu mtakatifu wa Wadigo, mojawapo ya makabila ya Wamijikenda wa pwani ya Kenya, saa tatu na nusu asubuhi, jua limeshaanza kuuma, nami nimejivalia kofia yangu ya ukili yenye ukingo mpana. Kijana aliyetupokea alinitazama kichwani, akatabasamu, akanyoosha mkono kama anayempokea mgeni mzigo. "Hii itakungoja hapa, mwalimu." Ikafuata kaniki nyeusi ya kufunga kiunoni, wanaume kwa wanawake. Yakafuata masharti: ndani hakuna kupigana busu, hakuna kuchuma jani, hakuna kuondoka na chochote, na hakuna kumwacha nyuma anayetuongoza. Hapo bado hatujaukaribia mti hata mmoja.

Nafundisha historia Mombasa, mwaka wa kumi na mbili huu. Kila mwaka naandika ubaoni kwamba Wamijikenda ni makabila tisa, kwamba simulizi zao zinasema walitoka Singwaya, na kwamba walijenga kaya zao, yaani vijiji vyenye ngome, katikati ya misitu ili adui asiwafikie kwa urahisi. Kila mwaka nafuta ubao. Kaya yenyewe sikuwahi kuikanyaga, na kutoka Likoni hadi Ukunda ni safari ya matatu ya asubuhi moja tu. Diani naijua kwa kuogelea. Safari hii nilikuwa huko kwa semina ya kazi, ikabaki siku moja bure, nikaona aibu.

Msitu wenyewe ni mdogo, hekta 30 hivi, kusini mwa Diani, na bahari iko karibu kabisa. Usitegemee msitu wa milimani wenye ukungu. Chini ni mwamba wa matumbawe, wenye mashimo na ncha kali, na miti imepenyeza mizizi humo kama vidole vinavyotafuta sarafu kwenye mfuko uliotoboka. Mmoja wetu alikuja na ndala. Alijuta. Ukiingia tu, joto la barabarani linakatika, na macho yanahitaji dakika mbili tatu kuzoea kiza cha kijani.

Kijana hakuwa mtu wa kukariri. Angesimama, agonge shina, atuulize sisi kwanza. Mti huu kwenu mnautumiaje? Mama mmoja wa Kwale tuliyekuwa naye alimjibu karibu kila mara, wakawa wanabishana kwa Kidigo kuhusu mzizi gani huchemshwa na upi hutwangwa, nasi wengine tukawa watazamaji. Sitayarudia hapa hayo ya dawa, maana mimi si mganga na nisingependa mtu akachemshe kitu kwa kunisoma. Ila nitasema hivi: ile dakika kumi ya mabishano yao ndiyo niliyoona ina thamani kuliko zote, na haikuwa kwenye ratiba.

Kulikuwa na mtini ulioanza maisha yake juu ya mti mwingine, ukashusha mizizi mpaka chini, ukamfunga mwenyeji wake mpaka akafia ndani. Juu yetu mbega walikuwa wakila majani, weusi wenye mabega meupe, mikia ikining'inia kama kamba zilizosahaulika. Mbega hana kidole gumba, ndiyo maana hurukia tawi kwa kulinasa na vidole vinne kama kulabu. Tuliwatazama mpaka shingo zikauma.

Kisha tukafika kwenye mbambakofi. Wapwani tunaujua kwa milango, ule mbao mgumu unaochongwa nakshi. Ukiwa hai ni mti tofauti kabisa. Chini palikuwa na ganda lake limepasuka, gumu kama ubao, na ndani mbegu zimepangwa kila moja kwenye chumba chake, nyeusi tii inayong'aa, na kila moja imevaa kofia nyekundu. Nyekundu ya kupaka rangi, ungeapa mtu ameichovya. Niliinama, na mkono wangu ukaiokota moja kabla akili haijanishauri. Nilikuwa nafikiria kuipeleka darasani. Kijana hakupaza sauti. Alinyamaza tu na kuungoja mkono wangu, na wenzangu wote wakanyamaza naye. Niliirudisha kwenye chumba chake, nikaigeuza kofia ikae juu kama nilivyoikuta. Mtu mzima, mwalimu, nimefunga kaniki, nairudishia mti mbegu yake! Nilicheka, lakini kicheko cha nusu.

Kuanzia hapo nikaacha kuyasikia masharti kama masharti ya hoteli. Watu wakihamia nje ya kaya, mji wa ndani huanguka, na kwa kawaida mahali pa namna hiyo pangekuwa mashamba au viwanja baada ya kizazi kimoja. Hizi kaya zilianza kujengwa karne ya 16, na kufikia miaka ya 1940 watu hawakuwa wakiishi tena ndani, lakini miti ikabaki kwa sababu makaburi yalibaki, fingo lilibaki, na wazee wa kaya wakaendelea kushika miko. Fingo ni kago lililozikwa wakati wa kuanzisha kaya ili kuilinda. Sisi hatukuonyeshwa liliko. Kuna upande tulioambiwa "huko hatuendi", na kijana akageuka bila maelezo. Mwenzetu mmoja aliguna kwamba amelipa. Mimi nadhani hicho nacho kimo ndani ya alichokilipia.

Serikali ilianza kuzitangaza kaya kuwa turathi za taifa mwaka 1992, na mwaka 2008 kundi la misitu hii, Kinondo ikiwemo, likaingia kwenye orodha ya UNESCO ya Urithi wa Dunia. Mwaka uliofuata UNESCO ikaorodhesha na desturi zenyewe za kaya, kwenye orodha ya zile zinazohitaji kunusuriwa haraka. Hilo la pili ndilo lililonigusa zaidi. Waliona kwamba msitu bila mzee wa kuukataza utakuwa kuni.

Nilimuuliza kijana, maana ni Mwislamu kama Wadigo wengi, kama haoni tabu kuongoza watu kwenye mambo ya mizimu. Alikuwa ameshaulizwa mara nyingi, niliona. "Ijumaa naenda msikitini. Hapa ndipo walipokaa babu zangu." Akaendelea kutembea.

Darasani wanafunzi hupenda sehemu ya baruti. Mekatilili wa Menza, mwanamke aliyeongoza upinzani wa Wagiriama, aliwaapisha watu Kaya Fungo mwaka 1913, wasiwape Waingereza kodi wala vijana wa kazi, na Agosti 1914 Waingereza wakailipua kaya hiyo. Kila mara kuna mtoto anayeuliza, mwalimu, baruti ya nini kwa msitu? Nimekuwa nikijibu vibaya. Nilikuwa nasema ulikuwa maficho.

Karibu na mwisho tulielekezwa kukumbatia mti mkubwa, kila mtu na zamu yake, na kuuambia shida yako kimoyomoyo. Mimi si mtu wa mambo hayo. Niliukumbatia. Gome lilikuwa baridi shavuni na linanuka mvua, ingawa mvua haikunyesha. Niliyoyasema ni yangu.

Sasa lawama, na haiwahusu wenyeji wa Kinondo hata kidogo. Niliandikisha safari kupitia wakala mmoja niliyemkuta hotelini, akaniuzia "msitu wa mizimu" kwa karibu mara tatu ya kiingilio nilichokuja kukikuta pale, pamoja na ada ya "vazi la kitamaduni". Kaniki nilivishwa bila kuulizwa hata shilingi. Gari lake lilichelewa saa nzima, na dereva njia nzima alitutania kwamba tutarudi tumepagawa. Chukua bodaboda Ukunda, mwambie Kinondo, lipa mlangoni, na pesa yako iishie kwa wanaoutunza msitu.

Nenda asubuhi, kabla jua halijawa kali na mbega hawajajificha. Viatu vya kufunika mguu. Jipake dawa ya mbu, hasa miguuni, maana kaniki haifiki chini. Matembezi yetu yalichukua kama saa moja na nusu kwa sababu ya yule mama na Kidigo chake. Ukiwa na haraka, usiende siku hiyo, nenda ufukweni. Mimi naipa nyota tano, na mwaka huu nitapeleka kidato cha pili.

Tulipotoka tulizifungua kaniki na kijana akazipokea moja moja, akizikung'uta. Yangu ilikuwa imenasa kijani cha jani, kipande kidogo kama ukucha. Alikibandua kwa vidole viwili, akarudi hatua chache mpaka ukingoni mwa miti, akakidondosha ndani. Kisha akanipa kofia yangu.