Toleo la kwanza, saini na barua ya mwandishi: uzoefu wangu na duka moja la London

Nawapa nyota nne. Ya tano imeliwa na klipu ya chuma, nitaeleza.

Nakusanya riwaya za Kiafrika za miaka ya 1960, hasa zilizochapishwa na Heinemann. Zenye saini hupatikana ukiwa na subira. Zenye saini pamoja na barua ya mwandishi ni adimu, na hapo ni rahisi kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Kabla ya kulipa niliomba picha za ukurasa wa hakimiliki, saini, barua pande zote mbili na bahasha yake. Zilikuja haraka, kubwa kiasi cha kusoma muhuri wa posta. Ukurasa ulikuwa na mwaka wa kwanza kuchapishwa tu, bila mstari wa kurudiwa chapa, ishara ya toleo la kwanza. Bila kuulizwa, muuzaji akanionyesha mpasuko juu ya mgongo wa jalada la karatasi. Hapo ndipo aliponipata.

Saini nayo ina historia yake. Riwaya ya A Grain of Wheat ilipotoka mwaka 1967, mwandishi wake, Ngũgĩ wa Thiong'o, bado alitumia jina la James Ngugi. Ukiletewa nakala iliyosainiwa Ngũgĩ wa Thiong'o na kuambiwa ilisainiwa mwaka huohuo, uliza maswali. Saini huenda ni yake kweli, ila ya miaka ya baadaye, na bei isiwe ileile.

Niliyonunua mimi ni ya mwandishi mwingine. Simtaji, kwani barua inagusa ugonjwa wa mtoto wa aliyeandikiwa. Ni nusu ukurasa wa taipu, maneno mawili yamesahihishwa kwa wino, na msomaji aliyeuliza kuhusu mhusika fulani anajibiwa kwa swali. Kwangu barua hiyo inazidi saini kumi. Msiniombe picha: karatasi ni yangu, lakini hakimiliki ya maneno ni ya mwandishi na warithi wake.

Sasa klipu. Kitabu kilifungwa vizuri, barua ikachomekwa katikati ya kurasa ikiwa imebanwa kwa chuma. Kwa unyevu wa Mombasa, kutu isingekawia. Duka la bei ile lingejua. Barua nimeihamishia kwenye mfuko wa plastiki usio na asidi.

Usafirishaji ni ghali, ila punguzo waliloahidi nililipata bila kukumbusha. Nitanunua tena kwao.