Nyumba janja Goba kwa laki tisa kasoro: pesa ilikokwenda

Nianze na bei, maana najua ndiyo inayotafutwa. Kuifanya janja nyumba yetu ya vyumba vitatu, Goba, Dar es Salaam, kumegharimu shilingi 875,000. Kati ya hizo, vifaa janja vyenyewe, yaani vile vinavyoongea na simu, vimekula 390,000 tu. Zile 485,000 zilizobaki zimekwenda kwenye waya, kontakta, rauta, betri ya rauta, memori kadi, floti na ufundi. Kwa hiyo mtu akikupigia hesabu ya kamera na taa peke yake, hajakutajia hata nusu ya bei.

Hapa nyumbani mjadala ulikuwa mkali. Baba Imani alitaka taa za rangi za sebuleni na kispika cha kuamrishwa kwa mdomo. Mimi nilitaka pampu ya maji. Tulikubaliana kwamba kila kitu kitakachonunuliwa kijibu kwanza swali moja: je, hakuna kitu kijinga cha bei rahisi kinachofanya kazi hiyohiyo? Swali hilo limefuta mistari mingi kwenye orodha, na taa za rangi zilikuwa za kwanza kuondoka.

Pampu

Maji ya bomba yakija yanaingia kwenye tanki la chini, halafu pampu ya hosipawa moja inayapandisha kwenye simtanki juu ya mnara. Aliyewahi kuishi hivi anajua kero yake: pampu inawashwa, simu inaita, wageni wanaingia, na unakuja kushtuka maji yanamwagika hadi barabarani. Unakuwa umelipia maji ya kumwaga na umeme wa kuyamwaga.

Sasa, kuzuia tanki lisifurike hakuhitaji intaneti. Floti ya umeme, yaani swichi inayoelea juu ya maji ndani ya simtanki, inakata yenyewe, na tulikuwa nayo. Tuliongeza nyingine kwenye tanki la chini kwa 25,000, ili maji yakiisha pampu isizunguke kavu ikaungua. Hicho ni kifaa kijinga kabisa, na ndicho ninachokiamini kuliko vyote.

Swichi janja ilikuja kwa kazi nyingine: kuwasha pampu nikiwa kazini maji yakitoka mchana, na kuweka kikomo cha muda. Nilichukua swichi ndogo ya kampuni ya Sonoff, 35,000. Katika programu yake kuna mpangilio wa kujizima baada ya muda unaouchagua, kwa hiyo hata floti ikikwama, pampu haiwezi kukesha.

Hapa ndipo fundi alipolipwa kihalali. Swichi hizo ndogo zimeandikwa ampea 10. Pampu ya hosipawa moja ikishashika mwendo inakula ampea tano au sita hivi, ukaona panatosha. Lakini mota inapoanza kuzunguka inavuta mara kadhaa ya hizo kwa kitambo kifupi, na ile rilei ndogo ndani ya swichi, yaani kiungo kinachounga na kukata umeme, inaweza kuganda kwa cheche. Ikiganda, simu inakuambia imezimwa huku pampu inanguruma. Dawa yake ni kontakta, swichi nene ya kubeba mizigo mikubwa: swichi janja inaamrisha kontakta, na kontakta ndiyo inayobeba mzigo wa pampu. Kontakta, breka yake na kiboksi chake vilikuwa 65,000, ufundi 40,000. Jumlisha uone: swichi ya 35,000 imekuja na msafara wa 130,000.

Mpangilio mmoja usiusahau: umeme ukikatika na kurudi, swichi ifanye nini? Ya pampu lazima ibaki imezimwa. Kama programu ya kifaa haina chaguo hilo, usikinunue kwa kazi ya pampu hata kikiwa cha bure.

Taa: nunua swichi, acha balbu

Balbu janja inavutia kwa sababu unaifungua boksi, unaizungushia kwenye holda, kazi imeisha. Tatizo ni watu. Mama mkwe wangu anapotoka chumbani anazima taa ukutani, kama alivyofanya maisha yake yote, na ana haki. Balbu ikizimwa ukutani inakufa, haipokei amri yoyote mpaka mtu ainuke akaiwashe kwa mkono. Hapo ujanja wake uko wapi?

Kuna kingine kinachotuhusu sana sisi wa umeme wa kukatika. Nilijaribu balbu mbili za bei rahisi, jina la kampuni nitaliacha. Umeme ukirudi usiku wa manane zinawaka zote kwa mwanga kamili, na programu yake haina pa kubadilisha. Zimehamia stoo.

Swichi janja ya ukutani haina shida hiyo. Anayetaka kubonyeza anabonyeza, anayetaka simu anatumia simu, taa ni ileile ya LED ya kawaida. Niliweka nne tu: geti, baraza, korido na uani. Kila moja 35,000, jumla 140,000.

Fundi alipofungua boksi la kwanza ukutani alicheka. "Mama Imani, humu hamna nyutro." Nyutro ni ule waya wa kurudisha umeme; laivu ndio unaouleta. Na ndivyo zilivyo nyumba zetu nyingi. Aliyefunga waya alishusha laivu kwenye swichi na kuipandisha tena kwenye taa, nyutro akaipitisha juu darini moja kwa moja. Swichi ya kawaida haiihitaji. Swichi janja ina kompyuta ndogo ndani inayotakiwa kuwa macho muda wote, kwa hiyo nyingi zinadai nyutro. Zipo zisizoidai, lakini hizo hupitisha umeme kidogo kupitia taa yenyewe, na LED ya wati chache inaweza kupepesa au kuwaka hafifu ikiwa imezimwa. Ndiyo maana zinakuja na kapasita ya kufunga kwenye taa. Mimi nilichagua kuvuta nyutro: waya 40,000, ufundi 60,000. Boksi la geti lilikuwa fupi mno kwa kina, likabidi lichimbuliwe na kuwekwa jingine. Kama ndiyo unajenga, mwambie fundi leo ashushe nyutro kwenye kila boksi la swichi na aweke maboksi marefu. Gharama yake wakati wa ujenzi ni ndogo. Baada ya plasta na rangi ni habari nyingine.

Rauta na betri yake

Vifaa vingi vya bei ya kati vinatumia waifai ya gigahezi 2.4 peke yake. Rauta yetu ya zamani ilichanganya 2.4 na 5 chini ya jina moja na haikuruhusu kuzitenganisha, kila kifaa kipya kilikuwa ugomvi. Mpya ilikuwa 120,000.

Halafu betri ndogo ya rauta, 75,000. Kuwa makini na namba za kwenye boksi. Yangu imeandikwa mAh 8,800, ila namba hiyo ni ya seli za ndani zenye volti 3.7, si ya volti 12 zinazotoka. Zidisha: ni kama wati-saa 32. Rauta yangu inakula wati 8 hivi, na kamera ya nje, niliyoichomeka kwenye tundu la volti 9 la betri hiyohiyo, wati 4. Kwa hesabu ya daftari ni saa mbili na nusu na kidogo. Kwa hali halisi, ukitoa upotevu, ni karibu saa mbili. Kwa katizo la kawaida inatosha. Kwa la kutwa nzima haitoshi, na hapo unaongelea inveta, ambayo ni bajeti ya mwaka mwingine.

Kamera

Tapo mbili za TP-Link, C200 ya ndani na C310 ya nje, 170,000 zote. Nimeridhika nazo. Picha ya usiku inaonekana vizuri getini, na kilichonifanya nizichague ni kwamba zinarekodi kwenye memori kadi ndani ya kamera, hivyo si lazima kulipia hifadhi ya mtandaoni kila mwezi kwa dola. Kadi mbili nzuri zilikuwa 60,000. Usibane hela hapo: kadi inaandikwa usiku na mchana, na ya bandia inakufa kimyakimya bila wewe kujua mpaka siku unapotafuta tukio.

Gharama iliyojificha ni bando. Kutazama kamera mubashara ukiwa mbali kwa megabiti moja na nusu kwa sekunde, saa moja ni karibu MB 675. Dakika mbili za kuangalia nani anagonga si kitu. Baba Imani kutazama kuku uani akiwa safarini Dodoma, hilo lilituletea kikao cha familia.

Na kamera ya nje ielekezwe kwako. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilianza kutumika Mei 2023, na hata ingekuwa haipo, jirani hapendi ua wake uonekane kwenye simu yako. Tulimwita jirani akaangalia picha kabla ya kukaza skrubu.

Plagi ya kupima umeme

Hii ningeinunua kwanza kabla ya vyote. Tapo P110, 45,000. Unachomeka kitu, inakuambia kinakula uniti ngapi. Friza letu la mtumba lilionyesha zaidi ya uniti mbili kwa siku. Kwa bei tunayolipa kwenye LUKU, shilingi 292 kwa uniti na makato juu yake, inafika kama 356. Uniti 60 kwa mwezi ni shilingi elfu ishirini na moja na zaidi, za friza lililokuwa na samaki wawili na barafu. Friza limeuzwa. Plagi imejilipa, sasa inazungushwa kwa majirani.

Ila plagi za namna hii ni za ampea 13. Hita ya bafuni ya kupasha maji papo hapo, ya wati 5,500, inavuta karibu ampea 24. Usithubutu.

Zenyewe zinakula kiasi gani

Hakuna muuzaji aliyeniambia hili. Kifaa janja hakilali. Kwangu, kamera mbili, swichi tano, plagi na rauta vinakaa kwenye wati 24 hivi muda wote. Mara saa 24, mara siku 30, gawa kwa 1,000: uniti 17 na kidogo, kama shilingi 6,150 kwa mwezi. Kwangu si tatizo. Ila aliye kwenye ile bei nafuu ya watumiaji wadogo, wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, apige hesabu vizuri, maana uniti 17 ni karibu robo ya hizo 75, na ukizivuka bei inabadilika.

Programu na maisha ya kampuni

Vifaa vyangu viko kwenye programu mbili, na mbili ndiyo mwisho wa uvumilivu wangu. Kabla ya kulipa niliuliza: seva za kampuni, yaani kompyuta zake za mbali, zikizimwa, hiki kitu bado kitafanya kazi? Si woga wa bure. Revolv, kituo cha kuongozea nyumba kilichouzwa kwa karibu dola 300, kilizimwa mwaka 2016 baada ya kununuliwa na Nest, na waliokuwa nacho wakabaki na pambo. Insteon, kampuni nyingine ya vifaa vya nyumba janja, ilizima seva zake Aprili 2022 bila kuaga. Ndiyo maana kila nilichoweka kina kitufe cha mkono: pampu, taa, vyote. Ukiona alama ya Matter kwenye boksi, kiwango kilichotoka mwaka 2022, ni dalili nzuri kwamba kifaa kitaongea na programu za kampuni tofauti ndani ya nyumba. Mwenye moyo wa ufundi atazame Home Assistant. Ni programu ya bure ya kuongozea vifaa hivi na inaendeshwa nyumbani kwako, ila itakula wikiendi zako.

Kuhusu kispika cha kuamrisha kwa mdomo: Alexa haielewi Kiswahili. Baba Imani alijaribu ya rafiki yake, akawa anaiamrisha kwa Kiingereza cha kukaza misuli ya shingo, watoto wanacheka. Mstari ukafutwa kwa hiari yake mwenyewe.

Wapi pa kununua

Kariakoo bei inapungua ukichukua vingi pamoja, lakini dai risiti ya EFD na ujaribu kifaa mbele ya muuzaji. Ukiagiza nje, soma volti. Kilichoandikwa 100–240 ni salama. Balbu iliyotengenezwa kwa volti 120 za Marekani itaungua kwenye 230 zetu. Na chagua plagi ya miguu mitatu ya Kiingereza, adapta za bei rahisi zinalegea na kuchoma soketi.

Kilichobaki kwenye orodha ni kufuli janja la mlango wa mbele, laki tatu kwenda juu. Sijalinunua. Nje ya mlango huo kuna grili ya chuma yenye kufuli la kawaida, na hakuna anayekubali kuitoa, kwa hiyo hata mlango ukifunguka kwa alama ya kidole, funguo za grili lazima ziwe kwenye mkoba.