Kionjo cha Kulipia: The Rock Machine Turns You On ya CBS

Muuza halua wa Unguja humega kipande akakupa uonje bure, kisha akasubiri utoe pesa. Mwaka 1968 tawi la Uingereza la kampuni ya kurekodi ya CBS lilifanya jambo la namna hiyo kwa muziki wa roki, isipokuwa kipande chenyewe nacho kiliuzwa: santuri moja yenye nyimbo 15 za wasanii 15, ili msikilizaji akishanogewa arudi dukani kununua albamu zao kwa bei kamili. Bei ya kionjo hicho ilikuwa shilingi 14 na peni 11 za Kiingereza, chini ya nusu ya bei ya santuri ya kawaida, na kwa kijana asiye na kipato kikubwa tofauti hiyo ilitosha kumshawishi ajaribu majina asiyoyajua. Mimi naihukumu kama albamu, si kama tangazo, kwa sababu baada ya kuisikiliza kwa miezi kadhaa katika nakala ya mitumba yenye mikwaruzo ya kutosha, nimeridhika kwamba aliyeipanga alikuwa na sikio, hata kama mshahara wake ulitoka idara ya mauzo.

Sikio hilo linaonekana tangu mwanzo. Santuri inayojiita mashine ya roki ungetarajia ianze kwa kishindo, lakini inaanza na Bob Dylan akiimba polepole wimbo wa mapenzi unaofunga albamu yake ya mwaka 1967 iliyorekodiwa Nashville, huku gitaa la chuma la Pete Drake likilia kwa mbali. Ukishatulia ndipo Moby Grape wanapoingia na wimbo unaokimbia, unaokata breki ghafla, kisha unakimbia tena. Baada yao wanakuja Spirit na "Fresh Garbage", wimbo kuhusu takataka ambao katikati yake unageuka jazi safi ya piano ya umeme. Mpiga ngoma wa bendi hiyo, Ed Cassidy, alikuwa mtu wa makamo aliyezidi miaka 40, na mpiga gitaa, Randy California, alikuwa kijana mdogo ambaye Cassidy alikuwa baba yake wa kambo. Ukilijua hilo, unaelewa kwa nini ngoma zinacheza kama za mzee wa jazi anayewavumilia watoto sebuleni.

Wimbo unaonirudisha kwenye santuri hii kila mara ni "Time of the Season" wa The Zombies. Besi inaanza peke yake, kofi moja linapigwa, kisha inafuata pumzi ya mtu anayehema karibu kabisa na kipaza sauti, na mzunguko huo mdogo unajirudia hadi mwili wenyewe unaanza kuitikia. Waingereza hawa walikuwa wamekwisha kuvunja bendi kabla albamu yenye wimbo huo haijatoka, na huko Marekani kampuni haikuwa na hamu nayo mpaka mwanamuziki Al Kooper alipoishikia bango. Mwaka 1969 wimbo ukafika nafasi ya tatu nchini Marekani, ilhali hapakuwa tena na bendi ya kuupeleka jukwaani. Kooper huyohuyo yumo katika upande wa pili wa santuri, akiwa na Blood, Sweat & Tears, bendi aliyoianzisha na ambayo naye hakukaa nayo muda mrefu. Kwa hiyo kampuni ilikuwa inauza kionjo cha vyungu ambavyo baadhi ya wapishi wake walikuwa wameshaondoka jikoni.

Upande wa pili ndio wenye uzito zaidi. Electric Flag wanaanza wimbo wa bluzi wa Howlin' Wolf kwa sauti ya Rais Lyndon Johnson akihutubia kwa taadhima kuhusu utu wa binadamu na hatima ya demokrasia. Kicheko kinamkatiza, na hapohapo tarumbeta na gitaa la Mike Bloomfield vinalipuka. Kuna pia Simon & Garfunkel na "Scarborough Fair", wimbo wa kale wa Kiingereza ambao Paul Simon aliupokea London kutoka kwa Martin Carthy, ukavuka bahari na kurejeshwa kwa Waingereza kama bidhaa ya Marekani.

Msikilizaji wa pwani yetu atapenda kusimama kwa mwanabluzi Taj Mahal. "Statesboro Blues" ni wimbo wa Blind Willie McTell wa mwaka 1928, na hapa gitaa la Jesse Ed Davis linatelezeshwa juu ya nyuzi kwa namna iliyofunza wapiga gitaa wengi waliofuata. Taj Mahal huyu ndiye ambaye miaka mingi baadaye alikuja kurekodi na wanataarabu wa Culture Musical Club ya Zanzibar, kazi iliyotoka mwaka 2005 kwa jina la Mkutano. Ukizisikiliza kazi hizo mbili kwa kufuatanisha, utasikia sauti ileile yenye mkwaruzo ikibadilisha wenzake bila kubadilisha tabia.

Kasoro zipo. The United States of America, bendi iliyotupa gitaa na kushika mitambo ya kielektroni na fidla ya umeme, imewakilishwa na wimbo wa kichekesho ambao haumpi mgeni sababu ya kuwafuata. Sauti za wanawake ni chache mno kwa kampuni ambayo mwaka huohuo ilitoa albamu ya Big Brother and the Holding Company yenye Janis Joplin. Na sijui kama ni utani au bahati tu kwamba kwenye santuri ya bei nafuu Roy Harper anaimba kuwa wakati wa kiangazi hakuna mtu mwenye pesa.

Biashara ilifaulu: mwaka 1969 santuri iliingia katika orodha ya mauzo ya Uingereza na kufika nafasi ya 18, na kampuni ya Island nayo ikatoa kionjo chake mwaka huo, You Can All Join In. Nyimbo nyingi za The Rock Machine zinapatikana leo mtandaoni mojamoja, lakini nashauri zisikilizwe kwa mpangilio wa santuri, hasa pale kelele zinapomalizika na Leonard Cohen anabaki na gitaa lake. Kwangu mimi tangazo limefanya kazi yake, ingawa kwa kuchelewa: nimekwisha kununua albamu ya The Zombies na ile ya Spirit, zote kwa bei kamili. Ya Peanut Butter Conspiracy, bendi nyingine iliyomo humo, sijaitafuta.