Tahadhari: wakata miti wanaobisha hodi na kudai mti wako hauna zuio

Ndugu zangu mnaoishi pembezoni mwa miji ya England, hasa wenye nyumba zenye uwanja na miti mikubwa, naomba mnisome kwa makini. Jumamosi moja asubuhi wanaume wawili waliovaa kofia za kazi na vizibao vya kung'aa walibisha hodi kwangu, wakasema wanamaliza kazi mtaa wa pili na wameona mwaloni wangu una ugonjwa. Mmoja wao alinipeleka hadi shinani, akainama, akabandua kipande cha gome chenye uyoga mdogo wa kahawia, akanishikisha mkononi na kuniambia kwamba mti ule utaangukia paa kabla ya majira ya baridi. Nilimuuliza kama unalindwa na sheria. Alijibu bila kusita kwamba amekwisha kupiga simu halmashauri na hakuna zuio lolote. Walitaka pauni 900 taslimu. Nikatoa arbuni ya pauni 300, nao wakawasha msumeno papo hapo.

Jirani yangu, mama mtu mzima aliyekaa mtaa huu miaka mingi, ndiye aliyetoka mbio na kandambili zake akiwapungia mikono wasimame, kwa sababu mwaloni ule uko chini ya amri ya kuhifadhi miti, yaani amri ya halmashauri inayokataza kuukata bila kibali. Matawi mawili makubwa yalikuwa yameshalala kwenye majani. Niliingia ndani kutafuta namba ya halmashauri, na niliporudi walikuwa wameshaondoka na fedha zangu, wakaniachia vumbi la mbao na karatasi isiyo na anwani.

Afisa wa miti aliyekuja baadaye aliyapima majeraha ya mti, akapiga picha, kisha akanieleza jambo ambalo ningepaswa kulijua siku niliyopewa funguo za nyumba. Kwa sheria ya mipango miji ya mwaka 1990, kosa si la mwenye msumeno peke yake, bali pia la aliyeruhusu kazi ifanyike, na faini ya kuuharibu kabisa mti wenye amri hiyo haina kikomo. Mti ukiondolewa kinyume cha sheria, mwenye ardhi ndiye anayewajibika kupanda mwingine mahali pale pale. Ugonjwa peke yake hautoshi kuukata bila kibali. Msamaha upo kwa mti uliokufa au wenye hatari ya dharura, na anayedai msamaha huo ndiye anayepaswa kuuthibitisha. Ndiyo maana naamini kisa cha uyoga kilipangwa: kinakutia hofu na kukuharakisha kwa wakati mmoja. Afisa alisema mti wangu ulikuwa mzima. Mimi nilipewa onyo kwa barua, na nashukuru kwamba msumeno haukufika kwenye shina.

Kwa hiyo, usikubali neno la mkataji kuhusu halmashauri. Uliza wewe mwenyewe, kwa maandishi, na uhifadhi jibu. Maombi ya kibali hayalipiwi ada, na kwa kawaida uamuzi hutolewa ndani ya wiki nane. Hata kama mti hauna amri, lakini nyumba imo katika eneo lililohifadhiwa kwa sura au historia yake (conservation area), unatakiwa kuiarifu halmashauri wiki sita kabla, ikiwa unene wa shina unazidi milimita 75 linapopimwa mita moja na nusu kutoka ardhini. Mkataba wa zaidi ya pauni 42 uliofanywa mlangoni pako unapaswa kuambatana na taarifa ya maandishi kuhusu haki yako ya kuuvunja ndani ya siku 14; mimi sikupewa hata risiti. Mdai mkataji cheti chake na hati ya bima kabla hajapanda mti, na asiyetaka kusubiri barua ya halmashauri mfungie mlango.

Namba waliyoniachia haipatikani tena. Wiki iliyopita rafiki yangu, anayekaa upande wa pili wa reli, alinionyesha kipeperushi kilichotupwa mlangoni kwake: jina la kampuni ni jingine, lakini picha ya gari ni ile ile, na maneno kuhusu uyoga ni yale yale.